Msimsingizie Simba

Sikua natafuta kitabu. Nilikua nimeshuka mjini kununua chaja, ya tatu mwaka huu, na pale Moi Avenue jamaa wa inama alikua ametandaza gunia lake kama kawaida, hesabu za darasa la nane huku, riwaya za mapenzi kule, na Biblia moja ambayo kurasa za Mwanzo zimeshatoka. Kama hujui inama basi wewe mgeni Nairobi: ni duka la vitabu la chini, unainama ndo uone kuna nini. Nikainama. Nikaokota kakitabu kembamba, jalada limechanika nusu, nikamuuliza hiki ni cha nini.

"Hicho ni cha wanyama, madam. Ni soo na hamsini lakini juu ni wewe lete soo."

Nikatoa soo, shilingi mia. Chaja nikasahau kununua, ndo nikakumbuka niko ndani ya matatu ya Rongai na simu iko asilimia nne, kwa hivyo hakukua na la kufanya ila kusoma.

Kitabu chenyewe kinaitwa Track of the Cat, cha mwaka 1993, cha mama mmoja Mmarekani anaitwa Nevada Barr. Huyu mama kabla hajawa mwandishi wa kutajika alikua renja wa mbuga za taifa kule kwao, na mpelelezi wake anaitwa Anna Pigeon, renja pia, mjane, anapenda mvinyo kuliko inavyofaa na hapendi watu sana. Yuko kwenye mbuga ya Guadalupe Mountains huko Texas, milima mikavu, kama mara tatu ya hii mbuga yetu ya Nairobi kwa ukubwa. Kazi yake siku hiyo ni kutembea akitafuta dalili za puma, yule simba wao wa milimani, kinyesi, nyayo, chochote. Badala ya kinyesi anakuta maiti. Ni renja mwenzake, mwanamke, ana alama za kucha na meno, na kabla hata hajazikwa watu wameshaamua: puma ndo kaua, atafutwe apigwe risasi. Anna anaangalia zile alama anasema, hapana, puma haui hivi.

Sasa mimi nasoma hiyo sehemu tuko Langata Road, msongamano hausongi, konda ananing'inia mlangoni akibishana na mtu wa boda, na upande wa kushoto ni ua wa mbuga. Ua kabisa, nguzo na waya na miti nyuma yake. Nyuma ya hiyo miti kuna simba. Nikainua kichwa nikaangalia ule ua kama ambaye sijapita hapo kila siku miaka sita.

Tangu siku hiyo nimemsoma huyu Anna vitabu kumi na moja, kwa inama na kwa simu na kimoja nililetewa na rafiki aliyekua ameenda Marekani. Viko 19 jumla, cha mwisho kilitoka 2016, na kila kimoja kwenye mbuga yake isipokua vichache. Ukiniuliza kwa nini nimeganda hapo wakati mimi hata porini siendi, nilienda mara moja na shule nikatapika ndani ya basi, itabidi nikueleze habari ya mjomba wangu kwanza.

Mjomba, kaka yake mama, alikua askari wa wanyama Tsavo. Alianza kazi mwaka ule ule Moi alichoma pembe za ndovu hapa Nairobi, 1989, zile tani 12, na amestaafu juzi juzi, sai yuko nyumbani upande wa Voi na mbuzi wake na redio. Nikiwa darasa la sita tulienda kwake likizo ya Agosti. Usiku wa tatu jirani akapiga kelele, mbuzi wawili hawapo. Asubuhi kijiji kizima kiko kwenye lile boma, damu kidogo kwenye miiba, watu wanasema chui, chui, tena yule yule wa mwaka jana. Kijana mmoja alikua ameshaenda kutafuta sumu ile ya wadudu wa shambani, apake kwenye nyama aitegee huko juu kwenye mawe.

Mjomba hakusema kitu. Alivua sandali akazishika mkononi, akazunguka boma lile kwa nje, polepole, anatembea kwa miguu mitupu kama mtu anaogopa kuamsha mtoto. Mi nafuata nyuma. Akachutama. Akaniambia, "Njoo mama, tazama hapa." Palikua na nyayo kwenye vumbi. "Hii ya nani?" Nikasema chui. Akacheka. Akaweka ngumi yake juu ya ardhi, akabonyeza, alafu kwa ncha za vidole akaongeza vidole vinne mbele. Akanieleza: chui na simba kucha wamezifungia ndani, nyayo zao hazina kucha, na huku nyuma kisigino kina matuta matatu. Mbwa kucha zinaonekana. Fisi kucha zinaonekana. Hata duma kucha zinaonekana, yeye kazi ni kukimbia. "Sasa hii ina kucha." Ilikua mbwa wa pale pale nyumbani, alikuja kunusa damu baadaye.

Akaendelea. Hatua kama ishirini mbele, penye udongo laini karibu na mtaro, akasimama, akaniita tena lakini safari hii hakuniuliza kitu, alinionyesha tu kwa kidole cha mguu. Gamubuti. Mistari ya soli imekaa vizuri kabisa, mguu wa kulia umezama kuliko wa kushoto, manake mtu alikua amebeba kitu begani upande mmoja. Na kando yake kipande cha kamba ya katani. "Chui wa siku hizi wana hela," akasema, "wananunua viatu."

Mbuzi mmoja alipatikana kabla ya saa sita, kwa mtu ambaye sitamtaja maana bado tunasalimiana naye. Wa pili alikua ameshaliwa. Na chui, kama alikuwepo huko juu kwenye mawe, nadhani hakujua kabisa kwamba siku hiyo alikua amehukumiwa kifo na kuachiliwa kabla ya chai ya saa nne.

Ndo maana nikisoma Anna Pigeon namsikia mjomba. Mpelelezi wa mjini anaingia chumbani anakuta maiti, glasi, barua, dirisha wazi, kila mtu aliyeko ndani ni mshukiwa na wote wana midomo ya kujitetea. Renja anakuta maiti chini ya mti na mshukiwa wa kwanza hana mdomo. Au anao ila si wa kutoa ushahidi. Kabla hujafika kwa nani alikua anamdai nani, nani analala na mke wa nani, lazima kwanza umtoe mnyama kizimbani, na kumtoa inabidi umjue, anakamata vipi, anaanza kula wapi, anaacha nini. Hapo elimu ya porini inageuka sheria. Huo utamu siupati kwa wapelelezi wengine.

Wala si jambo geni kwetu sisi wa kusoma Kiswahili. Kumbukeni mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Said Abdulla, 1960, Unguja. Mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, na watu wanajua tayari nani kaua, si mizimu hiyo, mahali penyewe panajulikana. Alafu anakuja bwana na kiko chake, anavuta taratibu, anauliza maswali ya kipuuzi, mpaka mizimu inatoka kwenye kesi na anabaki binadamu peke yake. Ondoa mizimu weka puma, ni hesabu ile ile. Ila Bwana Msa alikua na bahati, hakuna mtu angeenda kupiga mizimu risasi akikosea.

Na sisi Kenya hii tabia ya kumrundikia mnyama mashtaka tumeirithi toka reli inajengwa. Simba wa Tsavo, wale wawili wasio na manyoya shingoni, 1898, kila mtoto wa Kenya ameambiwa walikula watu 135. Mimi niliambiwa hivyo na mwalimu, nikaandika kwenye mtihani nikapata vema. Sasa ngozi na mafuvu yao yako Chicago, yaliuzwa kwa jumba la makumbusho la huko mwaka 1924, na 2009 wanasayansi wakapima nywele na mifupa, manake chakula unachokula kinaacha alama mwilini mwako hata ukifa miaka mia, wakapata kwamba hao simba wawili pamoja walikula kama watu 35. Thelathini na tano bado ni wengi, sibishi, na kila mmoja alikua mtoto wa mtu. Ila hao mia moja wengine walitoka wapi? Kambi ya reli ilikua na malaria, na kuhara, na ajali. Mi sina ushahidi nani aliandikwa wapi, nasema tu kwamba kama unasimamia kazi na watu wako wanakufa, simba ni jibu zuri sana la kuandika kwenye barua ya kwenda London.

Kuna kesi nyingine naona uzito kuileta hapa lakini ukizungumzia mauaji porini Kenya huwezi kuiruka. Mwaka 1988 mtalii Mwingereza, msichana wa miaka 28, alipotea Maasai Mara, na kilichopatikana kilikua vipande tu na majivu. Maelezo ya kwanza ya wakubwa? Wanyama. Baba yake akakataa, akasema mnyama hawashi moto. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikutwa imebadilishwa, maneno ya kukatwa na kitu chenye makali yakageuzwa ili isomeke kama kazi ya mnyama. Baadaye ikakubalika ni mauaji, na waliofikishwa mahakamani walikua ni marenja wenyewe, wawili wakaachiliwa 1992, na aliyekua mkuu wao akaachiliwa 1999. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Nilimuuliza mjomba siku moja kuhusu hiyo kesi, akanyamaza muda, akasema tu, "Ilituaibisha wote." Sikuuliza tena.

Kwa hivyo sitaki mtu afikiri nasema renja ni malaika na mnyama hana makosa. Mnyama anaua. Mimi nakaa Rongai bana, kando ya mbuga, najua. Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 na upande wa mjini imezungushwa ua lakini kusini iko wazi, wanyama wanatoka wanaenda tambarare za Kitengela kama walivyofanya kabla ya mbuga kutangazwa 1946, ila sai wakitoka wanakuta mageti ya watu. Machi 2016 simba dume mmoja maarufu, Mohawk, alifika mpaka Isinya, umati ukamzunguka, akajeruhi mtu, akapigwa risasi. Nilikua na hasira kwa niaba yake wiki nzima. Alafu Aprili 2025 simba jike akamchukua binti wa miaka 14 kwenye makazi ya shamba moja la mifugo linalopakana na mbuga, akamuua, na hiyo haikua kusingiziwa, ilikua kweli tupu. Wiki ile sikufungua kitabu cha Anna. Nilikua nikifika nyumbani usiku nakimbia kutoka geti mpaka mlangoni, hatua kumi na mbili, nimezihesabu.

Turudi kwa vitabu. Kuna kimoja kiko Isle Royale, kisiwa ndani ya ziwa Superior, ambako meli ya Kamloops ilizama kweli mwaka 1927 na maji ni baridi kiasi kwamba maiti za mabaharia hazikuoza, ziko humo. Mwandishi akachukua hiyo akaongeza maiti moja mpya kati ya zile za zamani. Yaani wazamiaji wanashuka wanahesabu, wanapata imezidi moja! Niliweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai. Kingine kiko ndani ya pango la Lechuguilla, New Mexico, na Anna anaogopa sehemu za kubana, na hicho nilikisoma kwenye matatu saa kumi na mbili jioni tumepangwa watano kwenye viti vya wanne, nikajikuta napumua pamoja naye.

Lakini pia niseme ukweli, huyu Anna anaumizwa mno. Kila kitabu anavunjika kitu, anachomwa, anatupwa shimoni, anapigwa kichwani, na kufika cha kumi unajiuliza kwani hawa watu hawana bima. Na wauaji wengine unawajua ukurasa wa sabini. Sijali. Mi huwa siko hapo kwa ajili ya muuaji, niko hapo kwa zile kurasa anatembea peke yake, redio haishiki, mvua inakuja upande wa magharibi, na anaangalia jani limevunjika.

Shida inakuja nikijaribu kuwaza Anna wa kwetu. Kule kwao kuna mbuga kama Yellowstone ambako renja ndo polisi, serikali kuu imeshika kila kitu, akikuta maiti yeye ndo anaanza kuchunguza. Hapa renja akikuta maiti ya mtu anaita polisi, wanakuja watu wa DCI, wale wapelelezi wa polisi, na viatu vya ngozi, wanakanyaga nyayo zote, mwisho wa hadithi. Yeye kesi zake ni za wanyama. Ambazo si ndogo, sheria ya 2013 ilipotoka, ukikamatwa na pembe ya ndovu faini ilikua kuanzia milioni 20 au kifungo cha maisha, na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wana maabara ya DNA toka 2015 hapo Langata, kipande cha nyama ya kukausha kinaweza kusema mahakamani mimi si mbuzi, mimi ni swala.

Ila sheria hiyo hiyo ndo ilinipa wazo. Inasema mtu akiuawa na mnyamapori, familia inalipwa fidia ya milioni 5. Fedha zenyewe zinakuja kwa kuchelewa kweli, watu wanangoja miaka, lakini kwenye karatasi ni milioni 5, na anayethibitisha kwamba ni mnyama lazima awe ameangalia. Umeona? Hapo renja anaingia kwenye kesi ya mauaji kwa mlango wa nyuma na DCI hawana la kusema. Mzee mmoja anakutwa asubuhi kwenye majani ukingoni mwa mbuga. Mpwa wake ana madeni ya kamari za simu. Mkono mmoja umeliwa. Majirani wote wanasema walisikia ngurumo usiku. Fomu za fidia zimeshajazwa kabla ya mazishi, kwa mwandiko mzuri mno. Na anatumwa renja wa kike, mgeni kituoni, aende tu aweke sahihi.

Niliandika kurasa nane. Jumapili iliyopita nikampigia mjomba, nikamsomea zote kwenye simu, bando yangu ikaisha katikati nikanunua nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, nasikia mbuzi nyuma yake na redio ikisoma matangazo ya vifo.

"Kwa hiyo mkono ndo umeliwa," akasema.

"Ndio mjomba."

"Na tumbo?"

"Tumbo liko sawa."

"Basi huyo renja wako hahitaji kurasa nane. Simba haanzi mkono, mama. Simba anaanza tumboni, huko ndo kwenye utamu. Mkono ni wa fisi, tena fisi angeondoka nao. Aliyekata huo mkono hajawahi kuona mzoga."

Nikasema sawa, nitarekebisha, muuaji atakua amesoma zaidi. Akasema hapana, muache hivyo hivyo, watu wa mjini ndo walivyo. Alafu kimya. Nikadhani simu imekatika. Nikasikia anakunywa chai, ile ya kuvuta kwa sauti, anaweka kikombe chini.

"Huyo mzee," akasema. "Viatu vyake umeviweka wapi?"

Viatu sikua nimeviwaza kabisa.